Siku ya Kumbukizi Isiishie kwenye Picha: Jinsi ya Kumkumbuka Mwandishi, Mwanamuziki au Mwanamichezo Unayempenda

Kila mwaka huwa vilevile. Unafungua simu asubuhi, unakuta picha ya mwimbaji, chini yake mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na watu mia wameandika "pumzika kwa amani". Kufikia jioni picha imeshasukumwa chini na habari nyingine. Nyimbo zake hazikupigwa hata moja.

Kwa miaka kadhaa sasa mimi na marafiki wachache tumekuwa tukiandaa siku hizi kwa namna yetu, na haya hapa ndiyo tunayoyafuata. Msingi wake ni mmoja: siku ya mtu ni siku ya kazi yake. Mwandishi asomwe, mwanamuziki asikilizwe, mwanariadha mbio zake zitazamwe upya mpaka mwisho. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa watu hawa ni kinyume: wao hawapo, lakini lao lipo, limo kwenye kitabu, kwenye kanda, kwenye video. Kazi yetu ni kulitoa lilipo.

Hatua ya kwanza: chagua wachache

Anza na watu watano kwa mwaka mzima, wasizidi hapo. Ukijaza kalenda majina arobaini, kufikia mwezi wa tatu umechoka na unarudi kwenye kubandika picha. Kipimo changu ni hiki: je, naweza kuzungumza dakika tano juu ya kazi ya mtu huyu bila kutazama simu? Nikishindwa, bado simjui vya kutosha kumfanyia siku. Namweka pembeni, namsoma kwanza, mwakani ataingia.

Usichague washindi peke yao. Tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa ameanguka njiani, akaumia, akaendelea. Picha za video za mwisho wa mbio zile zipo, na kila tunapozitazama chumba kinanyamaza. Siku hiyo ya Oktoba ina haki ya kuwemo kwenye kalenda sawa na siku ya medali yoyote ya dhahabu.

Wala usisubiri mtu afariki. Tarehe 2 Februari 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 jijini Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akiwa mbele tangu mwanzo hadi utepe. Mbio kama zile zina siku yake zenyewe, iwe aliyezikimbia yu hai au la. Tena mtu akiwa hai, anaweza kuisikia shukrani yako.

Hatua ya pili: hakiki tarehe

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza. Mwaka mmoja nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walikufa siku moja, 23 Aprili 1616. Ilikuwa hotuba nzuri, niliipenda. Baadaye mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma alinivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umeangalia kalenda zao?" Sikuwa nimeangalia. Hispania ilikuwa imeshahamia kalenda ya Gregori tangu 1582, Uingereza ilikuwa bado inatumia ile ya Juliasi na haikuiacha mpaka 1752. Mwaka 1616 kalenda hizo mbili zilipishana siku kumi, kwa hiyo 23 Aprili ya Shakespeare ni 3 Mei kwa hesabu ya Hispania. Cervantes naye alifariki tarehe 22, na 23 ndiyo siku aliyozikwa. Tangu siku ile sitangazi tarehe kabla ya kuipitisha kwenye maswali manne.

Swali la kwanza: hii ni tarehe ya kuzaliwa, au ya kubatizwa? Beethoven alibatizwa 17 Desemba 1770, na hilo ndilo lililoandikwa kanisani. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Shakespeare vivyo hivyo, tunayo tarehe ya ubatizo, 26 Aprili 1564, na si zaidi. Kwa watu wa namna hii sema "alibatizwa", na utakuwa umesema kweli.

Swali la pili: nani aliyeitoa tarehe hii? Mwanamuziki wa Marekani Louis Armstrong maisha yake yote alisema alizaliwa 4 Julai 1900, yaani siku ya uhuru wa nchi yake, na watu wakamsherehekea siku hiyo. Alifariki 1971. Miaka kadhaa baadaye ikapatikana kumbukumbu ya ubatizo inayoonyesha 4 Agosti 1901. Pelé naye: cheti kilisema 21 Oktoba 1940, mwenyewe akashikilia kwamba ni tarehe 23. Katika hali kama hii mimi humfuata mwenyewe akiwa anapinga makosa ya karani, na hufuata karatasi ikiwa ya zamani kuliko kumbukumbu ya mtu. Lakini lolote utakalochagua, waeleze wenzako kwamba ziko mbili. Watu hupenda kujua, na kisa cha tarehe mara nyingi hufungua kisa cha maisha. Mtoto aliyezaliwa katika umaskini, bila cheti, akajichagulia siku ya taifa zima kuwa siku yake: hapo umeshapata pa kuanzia kumzungumza Armstrong.

Swali la tatu: ilikuwa usiku? Miriam Makeba aliugua akitoka kutumbuiza nchini Italia mwaka 2008, akafariki. Baadhi wanaandika 9 Novemba, wengine 10. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi, maana tunaweza kusema "usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10" tukamaliza ubishi.

Swali la nne ni la hesabu tu. Bi Kidude alifariki 17 Aprili 2013. Mwaka wa kwanza wa kumbukizi ni 2014, na miaka kumi ilitimia 17 Aprili 2023. Usiuhesabu mwaka wa kifo kama wa kwanza, utajikuta unatangaza kumi ikiwa ni tisa. Chunga na kitenzi pia. Aliye hai anatimiza miaka 80, aliyefariki angetimiza. Nimeona mabango makubwa ya "anatimiza miaka 100" yenye picha ya marehemu, na familia yake imekaa mstari wa mbele.

Kama mtu hana tarehe ya kuzaliwa inayojulikana, na ndivyo alivyokuwa Bi Kidude, tumia ya kufariki au ya kazi. Aliyezaliwa 29 Februari, kama mtunzi Rossini (1792), mpangie 28 Februari au 1 Machi kwa miaka ile mingine, na usibadilishe kila mwaka.

Hatua ya tatu: amua ni siku ipi

Mtu mmoja anaweza kuwa na siku tatu au nne: kuzaliwa, kufa, kazi yake kubwa, kitabu chake cha kwanza. Wengi hushika ya kifo kwa sababu ndiyo iliyotangazwa. Mimi nasema shika ile iliyobeba kazi.

Mfano ni Abebe Bikila, mwanariadha wa Ethiopia. Alifariki 25 Oktoba 1973 akiwa na miaka 41, baada ya ajali ya gari ya 1969 iliyompooza. Ukimkumbuka Oktoba, utazungumza ajali na kiti cha magurudumu. Mkumbuke 10 Septemba uone tofauti. Siku hiyo mwaka 1960, jijini Roma, alikimbia kilomita 42 na mita 195 miguu mitupu. Mbio zilianza jioni, zikaishia gizani, askari wameshika mienge kando ya barabara. Yeye na kocha wake, Onni Niskanen, walikuwa wameipitia njia kabla ya siku yenyewe, wakachagua mahali pa kuongeza kasi: kwenye mnara wa mawe wa Axum. Mnara huo ulikuwa mali ya Ethiopia. Waitalia waliuchukua mwaka 1937 wakati wameivamia nchi hiyo, wakausimamisha katika mji wao mkuu. Bikila alipoufikia, Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko alikuwa naye bega kwa bega. Hapo ndipo alipochomoka. Alifika mwisho wa mbio, kwenye Tao la Konstantino, sekunde 25 mbele, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, rekodi ya dunia. Mnara wenyewe ulirudishwa Ethiopia 2005.

Ukiwa na video ya mbio zile, isimamishe pale penye mnara. Uliza wenzako wanaona nini. Kisha waeleze, halafu rudisha nyuma uicheze tena. Siku nzima ya kumbukizi inaweza kukaa juu ya dakika hiyo moja.

Kwa aliyekufa kijana na juzijuzi, kuchagua siku ya kazi ni heshima kwa wafiwa pia. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35 tarehe 8 Oktoba 2023, akaweka rekodi ya dunia. Miezi minne baadaye, 11 Februari 2024, alifariki kwa ajali ya gari, ana miaka 24. Februari waachie jamaa zake walie. Wewe chukua Oktoba.

Msiba wa timu ni jambo jingine. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, wakafa wote 30 waliokuwemo. Siku kama hiyo usiikwepe, na usimtaje nyota mmoja ukawaacha wengine kwenye "na wenzake". Soma majina yote, wachezaji, makocha, marubani, taratibu, moja moja. Haichukui zaidi ya dakika mbili au tatu. Kisha ndipo uonyeshe fainali ya Kombe la Afrika la 12 Februari 2012, Zambia ilipolitwaa kombe katika mji uleule wa Libreville.

Hatua ya nne: wiki tatu kabla, rudi kwenye kazi

Weka kikumbusho kwenye simu siku 21 kabla, si siku yenyewe. Kikumbusho kinacholia asubuhi ya siku yenyewe kinakuletea picha na "pumzika kwa amani".

Kwa mwandishi, chukua kazi moja fupi: hadithi, sura moja, shairi. Isome kimya, kisha isome kwa sauti. Kwa sauti ndipo utakaposikia pale ambapo mwandishi alikata sentensi makusudi, na pale ambapo vina vinabeba maana na si mapambo tu. Ukisoma ubeti wa Shaaban Robert kimoyomoyo unaelewa ujumbe. Ukiusoma kwa sauti unasikia mizani, na unagundua kwamba kituo cha katikati ya mshororo kipo ili upumue. Weka alama mahali pamoja tu ambapo ulishtuka. Hapo ndipo utakapowapeleka wenzako.

Kwa mwanamuziki, chagua wimbo mmoja na uusikilize mara tatu kwa siku tatu tofauti. Mara ya kwanza uache upite. Mara ya pili fuata chombo kimoja pekee, gitaa la besi kwa mfano, tangu mwanzo hadi mwisho, usikubali sauti ya mwimbaji ikuvute. Mara ya tatu fuata pumzi. Sikiliza mwimbaji anavuta hewa wapi, na wapi alipaswa kuvuta lakini akaendelea. Tuliwahi kufanya hivi watu wanne, spika moja mezani, taa imepunguzwa. Dada mmoja, ambaye alisema tangu mwanzo hajui chochote cha muziki, ndiye aliyeinua kidole na kusema, "Hapo, kabla ya kiitikio, hajapumua." Tukarudisha. Kweli, alikuwa ameunganisha mistari miwili kwa pumzi moja, na ndiyo maana miaka yote tulikuwa tukihisi wimbo unapanda pale bila kujua kwa nini.

Kwa mwanamichezo, tafuta pambano zima au mbio nzima kama zipo. Vipande vya dakika mbili vinakuonyesha goli, havikuonyeshi dakika ishirini za kulitafuta.

Hatua ya tano: nukuu na haki za kazi

Nukuu zinazosambaa mitandaoni zikiwa zimeandikwa juu ya picha za watu maarufu, nyingi hazikutoka vinywani mwao. Sheria ni rahisi: kama huwezi kusema kitabu gani na ukurasa gani, au mahojiano gani ya mwaka gani, iache. Usijitetee kwa "inasemekana aliwahi kusema". Bora sentensi moja ya kawaida uliyoikuta mwenyewe kitabuni kuliko maneno ya dhahabu ya mtu asiyejulikana.

Kuhusu hakimiliki: Mkataba wa Berne unalinda kazi za fasihi kwa uchache miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na nchi nyingi zimefika 70. Kipindi huhesabiwa kuanzia Januari mosi ya mwaka unaofuata kifo. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, kwa hiyo penye sheria ya miaka 50 ulinzi uliisha na mwaka 2012, penye 70 utaisha na mwaka 2032. Angalia sheria ya nchi yako. Kusoma shairi sebuleni na marafiki hakuna shida. Kuchapa kitabu kizima mtandaoni "kwa heshima yake" ni kuwaibia warithi wake siku ya kumbukizi yake. Kwa nyimbo kumbuka kwamba utunzi una haki yake na rekodi ina haki yake, na ukipiga muziki hadharani unahitaji kibali.

Hatua ya sita: andika maneno yako

Maneno mia mbili yanatosha. Usianze na "alizaliwa mwaka". Anza na ile sehemu uliyoiwekea alama: ubeti, pumzi, mnara. Eleza unachokiona hapo kwa lugha ya kawaida. Kisha mistari miwili au mitatu ya maisha yake, ile tu inayosaidia kuelewa sehemu hiyo. Malizia kwa kumwambia msomaji aanzie wapi: kitabu gani, rekodi ipi, mbio zipi.

Epuka "gwiji", "nguli" na "jabali" katika sentensi moja. Maneno hayo ni mazuri, lakini ukiyarundika yanamfunika mtu. Ukisema alishuka jukwaani akiwa ameimba usiku mzima na bado akarudi kuimba tena, msomaji atalileta neno gwiji mwenyewe.

Kama mtu ana doa linalojulikana hadharani, hukumu ya mahakama au dawa za kuongeza nguvu, litaje kwa sentensi moja iliyonyooka na uendelee. Ukilificha, atakayelitaja ni mwingine, na mjadala wa siku nzima utakuwa juu ya hilo.

Siku yenyewe

Mkiwa wengi, kazi itangulie, hotuba zifuate. Niliwahi kuhudhuria kumbukizi ya mshairi ambapo wasemaji sita walipanda jukwaani, kila mmoja akaeleza alivyomfahamu marehemu, na muda ukaisha kabla shairi halijasomwa. Niliumia sana. Tangu hapo kwetu shairi husomwa dakika ya kwanza, kabla ya salamu ndefu na kabla ya utambulisho. Kisha kimya kidogo. Kisha linasomwa tena na mtu mwingine, ikiwezekana mtoto au kijana, kwa sababu sauti nyingine hulileta upya. Baada ya hapo zungumzeni mnavyotaka.

Kama kuna mtu aliyemwona mwanamichezo huyo akicheza au mwanamuziki huyo akipiga kwa macho yake, mwombe asimulie na umrekodi, kwa ruhusa yake. Muulize mambo ya kushikika: alikuwa amekaa wapi, alivaa nini, watu waliitikiaje. Miaka ikipita, rekodi hiyo ndiyo itakuwa ya thamani kuliko yote mliyoyafanya siku hiyo.

Ukiwa peke yako, saa moja inatosha. Zima simu, soma au sikiliza, andika maneno yako mia mbili, mtumie mtu mmoja unayejua atasoma kweli.

Kesho yake

Chukua daftari, andika tarehe, jina, kazi mliyoisoma au kuisikiliza, na swali moja lililobaki bila jibu. Sisi mwaka juzi tulibaki tukijiuliza kwa nini Bikila alikimbia bila viatu ilhali viatu alikuwa navyo. Tukapata kwamba jozi aliyopewa haikumkaa vizuri na mazoezi alikuwa ameyafanya sana miguu mitupu. Mwaka uliofuata tuliitazama 21 Oktoba, siku aliyoshinda tena jijini Tokyo mwaka 1964, safari hiyo akiwa amevaa viatu, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Swali tulilobaki nalo mwaka ule bado liko daftarini: pale Tokyo, ni kilomita gani aliyojua ameshashinda? Septemba tutaanza kulitafuta.